Wanaobaki

Msimu wa kuondoka katika shule yetu hauanzi Juni. Unaanza Februari, pale ofisi ya usajili inapotuma fomu ya kuuliza kila familia kama mtoto atarudi Agosti au harudi. Mzazi anatakiwa ajibu, na akijibu kwamba atarudi, alipe amana ya kushikilia nafasi. Wenye biashara zao hapa Dar es Salaam hujibu siku hiyohiyo. Ofisa wa ubalozi, mtaalamu wa gesi, mkuu wa mradi wa maji, daktari wa misheni, hao huomba muda, kwa sababu jibu haliko mikononi mwao. Liko Oslo, Beijing au Washington, kwa mtu anayepanga uhamisho. Basi mimi hukaa na orodha yenye safu tatu: anarudi, harudi, bado hajui. Mpaka Aprili safu ya tatu ndiyo ndefu kuliko zote.

Kazi yangu ni usajili katika shule ya kimataifa hapa jijini. Nilianza mapokezi, nikahamishiwa kwenye mafaili, na sasa ofisi nimekabidhiwa mimi. Shule sitaitaja, na watoto nitakaowaeleza nimewaondolea kila kitu cha kuwatambulisha. Ninayoyasema nayajua kwa sababu hakuna mtoto anayeingia wala anayetoka bila faili lake kupita mezani kwangu. Kwa miaka yote hii nimeona kwamba shule yetu, kama nyingine nyingi za aina yake, inajua sana kumpokea anayekuja, na imejifunza kwa bidii kumsindikiza anayekwenda. Wanaobaki hatujawajulia. Hao ndio ninaotaka kuwasemea.

Shule hizi zilizaliwa kwa ajili ya mtu anayehama. Ya Geneva ilifunguliwa 1924 kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa Shirikisho la Mataifa na Shirika la Kazi Duniani; mwaka huohuo ikafunguliwa nyingine Yokohama, Japani. Hapa kwetu Shule ya Kimataifa ya Tanganyika ilianza 1963, na ya Moshi ikafuata 1969, kwa sababu hospitali ya KCMC ilihitaji madaktari kutoka nje, na daktari mwenye watoto haji mahali pasipo na shule ya watoto wake. Mwaka 1968, Geneva hapohapo, ukaanzishwa mtaala wa IB ambao leo ndio tunaoufuata. Tatizo lake la kwanza lilikuwa la wazi: kijana aliyezaliwa nchi moja, akasoma ya pili na ya tatu, atapeleka cheti gani chuo kikuu cha kwao? Ndipo ukatengenezwa mtihani mmoja unaosomeka kila mahali: masomo sita, kila somo alama 7, na alama 3 za nyongeza, jumla 45. Mtoto akiondoka hapa Juni, Agosti anaketi darasani Hanoi au Accra na kukuta somo lipo karibu na pale alipoliachia.

Naiheshimu kazi hiyo. Nimewaona watoto waliopita nchi nne kabla ya kutimiza miaka 12, na bila mtaala kama huo wangekuwa wamepotelea njiani. Lakini ukiutazama mfumo mzima kwa makini, utaona umejibu shida ya anayehama. Shida ya yule anayekaa palepale huku wenzake wakihama kila mwaka haikuwahi kuwekwa mezani, kwa sababu wakati shule hizi zinaanza mtoto huyo alikuwa hayumo, au walikuwa wachache mno. Leo wamejaa. Kwetu ni watoto wa Kitanzania, watoto wa familia za Kihindi zilizokaa Upanga vizazi kadhaa, watoto wa ndoa za mchanganyiko, watoto wa walimu wenzetu wazawa wanaosoma kwa punguzo la ada, na wachache wa wamisionari waliokuja kwa miaka miwili wakakaa ishirini.

Nieleze kidogo kuondoka kunavyofanyika, maana asiyekaa ndani hawezi kujua uzito wake. Mtoto anayeondoka hupewa karatasi ya kukabidhi. Anazunguka nayo shule nzima akitafuta saini: maktaba kwa vitabu, TEHAMA kwa kompyuta, mwalimu wa muziki kwa ala aliyoazima, muuguzi kwa kadi ya chanjo, mwalimu wa michezo kwa jezi. Karatasi ikirudi imejaa, mimi hutoa hati ya matokeo, naiweka kwenye bahasha, naifunga, napiga muhuri juu ya mfuniko na kusaini ili saini ivuke mahali palipofungwa, kwa sababu shule nyingi haziipokei bahasha iliyofunguliwa. Nakala nyingine nampa mzazi aishike mkononi. Mizigo ya meli huchukua wiki nyingi, na shule huko inafunguliwa kabla kontena halijafika. Siku ya mwisho kuna kusanyiko. Wanaoondoka huitwa mbele kwa majina, wanapewa fremu ya picha au kanga, shule nzima inawapigia makofi. Mkuu wa shule anasema maneno mazuri. Walimu wanalia, wazazi wanalia.

Na wanaopiga makofi ni akina nani? Ni walewale wa mwaka jana na mwaka juzi.

Siku moja ya mwezi Mei, wakati wa mapumziko, mvulana wa darasa la tano aliingia ofisini kwangu. Mtoto wa Kitanzania, yuko kwetu tangu chekechea. Akanipa shikamoo, akasimama kando ya meza. Nilidhani amepoteza chupa ya maji.

“Mama, ile orodha unayo wewe?”

“Orodha gani, mwanangu?”

“Ya wanaorudi.”

Nikamwambia ile si ya wanafunzi kuiona. Akasema hataki kuiona yote, anataka kujua watu wanne tu, akawataja. Sikumjibu, kwa kuwa siruhusiwi, lakini majibu nilikuwa nayajua: watatu kati yao walikuwa wanaondoka, mmoja bado wazazi wake hawajui. Nikamuuliza anataka kujua kwa nini. Akasema, “Ili nijue nicheze na nani kuanzia sasa.”

Alilisema kwa utulivu, kama anayeulizia ratiba ya basi. Mtoto wa miaka kumi alikuwa ameshajifunza kwamba moyo una gharama, na alikuja kwa mwenye takwimu ili asiutumie ovyo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaangalia wanaobaki kwa jicho jingine. Mtoto wa chekechea hulia rafiki akiondoka, na Agosti anapata mwingine. Kufika darasa la nne au la tano huanza kuuliza kabla ya kuzoeana: mtakaa hapa muda gani? Nimesikia swali hilo likiulizwa kwenye foleni ya chakula, siku ya kwanza, hata jina halijaulizwa. Kufika sekondari hukaa na wenzao wanaobaki. Mezani wakati wa chakula utawaona vijana wa Kitanzania na wa Kihindi wamejaa upande mmoja, na kila mwaka kuna mzazi mgeni anayekuja kulalamika kwamba watoto wenyeji hawamkaribishi binti yake. Mwalimu mgeni naye hulisema katika kikao: wenyeji wanajitenga. Hapo sikubaliani nao hata kidogo. Binti huyo hajakataliwa na mtu. Amekutana na watoto waliokwisha kukaribisha wengi kabla yake, wakapendana nao, wakazoea kwenda kwao Jumamosi, kisha wakabaki na namba za simu zinazojibu kwa wiki chache na kunyamaza.

Tena sisi wenyewe tunawaongezea mzigo. Kila Agosti shule hutafuta wanafunzi wa kuwatembeza wageni: hapa maabara, hapa vyoo, hapa mnakulia. Tunamtafuta nani? Yule anayeijua shule, yaani anayebaki. Tunampa beji, tunamwita balozi, na yeye hulipokea kwa kuwa amelelewa kwao kwamba mgeni anapokewa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wetu hawaponi. Wanafundisha njia ya maktaba kwa mtu ambaye watamuaga, na mwaka unaofuata tunawapa beji tena.

Yapo maandishi mengi juu ya watoto wa familia zinazohama. Katika miaka ya 1950 mwanasosholojia Mmarekani Ruth Hill Useem alikaa India na mumewe wakichunguza Wamarekani walioishi kule, na kutokana na kazi hiyo likapatikana jina la watoto wa utamaduni wa tatu: wasio wa kwao kabisa, wasio wa ugenini kabisa. Kitabu cha David Pollock na Ruth Van Reken cha mwaka 1999 kimo katika kila ofisi ya mshauri nasaha niliyoingia. Pollock alifundisha hatua nne za kuondoka vizuri: patana na uliogombana nao, washukuru waliokufaa, aga watu na mahali, kisha fikiria uendako. Mshauri wetu huzifundisha kila Mei, maktaba, kwa kundi la wanaoondoka, na nimeona zikiwasaidia watoto sana. Lakini jaribu kumpa anayebaki hatua hizo. Mbili za kwanza atazifuata. Ya tatu ataifuata nusu, maana mahali hapaagi. Ya nne haimhusu kabisa; yeye hana aendako. Anarudi kwenye dawati lilelile, na pembeni yake kiti kina mtu mwingine. Mwanasaikolojia Douglas Ota, katika kitabu chake cha mwaka 2014 kuhusu shule za kimataifa na kuhama, anawahesabu wanaobaki pamoja na wanaokuja na wanaokwenda. Nilipokisoma nilifurahi kuona kuna mtu wa taaluma anayeliona tunaloliona mapokezi.

Wanaobaki si wanafunzi peke yao. Watoto wa madarasa ya chini hawatoki getini mpaka wachukuliwe na mtu mwenye kadi. Kadi ina picha ya anayemchukua mtoto na jina la mtoto huyo, na mlinzi huigusisha kwenye mashine. Kadi nyingi zina sura za akina dada wa kazi na madereva, kwa sababu mama na baba wako ofisini saa nane mchana. Ni dada anayejua kwamba mtoto leo hakula, kwamba jino linatikisika, kwamba Jumanne kuna kuogelea. Familia ikiondoka, kadi inarudi kwangu.

Nilikuwa na dada mmoja wa Mbagala aliyemlea mtoto wa familia ya Ulaya tangu akiwa mchanga mpaka anaingia darasa la kwanza. Wazazi walimaliza mkataba, wakasafiri usiku, na yeye akaja asubuhi ya pili kurudisha kadi kama alivyoagizwa. Aliiweka mezani, akaigeuza picha ielekee juu, akauliza kama angeweza kubaki nayo. Kadi ni ufunguo wa geti, haiwezi kubaki nje. Nilichukua mkasi nikakata pembe yenye waya mwembamba ndani. Kadi ikikatwa hapo mashine haiisomi tena. Nikampa kilichobaki. Akanishukuru, akatoka kwenda kupanda daladala. Hakuna mtu aliyemwita kwenye kusanyiko.

Msimu huohuo wa kuondoka ubao wa matangazo hujaa karatasi za familia zinazoondoka: gari, jokofu, jenereta, baiskeli za watoto, mbwa aliyechanjwa, na chini yake, katika karatasi hiyohiyo, dada mwaminifu anayejua kupika. Najua wanaoandika hivyo wana nia njema. Wanamtafutia kazi mtu waliyempenda, na wengi wa akina dada hao hupata mwajiri mpya kwa njia hiyo. Lakini binadamu hatangazwi baada ya jokofu. Niliomba ubao uwe na sehemu yake ya kazi, yenye barua ya mapendekezo na namba ya mhusika mwenyewe, azungumze mshahara wake kwa mdomo wake. Hilo lilikubaliwa upesi, na sasa hata familia zenyewe zinalipenda.

Kuna miaka miwili ambayo mambo haya yalijitokeza bila kifuniko.

Machi 17, 2020, siku moja baada ya kutangazwa mgonjwa wa kwanza wa Covid nchini, serikali ilifunga shule. Balozi zikaanza kuwarudisha watu wao. Kati ya wiki hiyo na mwezi uliofuata familia ziliondoka na masanduku mawili mawili, na wengine hawakurudi tena kwa sababu mkataba uliishia wakiwa kule. Hapakuwa na karatasi ya kukabidhi, hapakuwa na kusanyiko. Mitihani ya IB ya Mei ikafutwa dunia nzima. Tuliyafungua makabati ya wanafunzi sisi wenyewe, mimi na wenzangu wawili tumevaa barakoa, tukaweka vitu kwenye mifuko na kuandika majina: viatu vya mpira, rula, barua ndogo zilizokunjwa mara nne, nusu ya mkufu ule ambao marafiki wawili hugawana. Mifuko mingine ilitumwa, mingine ilichukuliwa na madereva, mingine ilikaa stoo muda mrefu. Shule zilipofunguliwa tena nchini Juni 29, waliobaki walirudi wakakuta madarasa yana nafasi wazi, na hakuna mtu aliyewaaga. Mwalimu mmoja aliniambia wanafunzi wake waliziacha zile meza tupu palepale zilipokuwa; hakuna aliyezisogeza hadi yeye alipowaomba.

Mara ya pili ni 2025. Januari 20 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje. Februari 4 likatoka tangazo kwamba wafanyakazi wa moja kwa moja wa shirika lake la misaada, USAID, walioko nje warudi kwao ndani ya siku 30. Mahakama ikalizuia kwa muda, kisha mambo yakaendelea, na Julai 1 shirika likakoma kufanya kazi kama lilivyojulikana. Februari ni katikati ya mwaka wetu wa masomo. Vijana wa darasa la kumi na mbili walikuwa wamekwisha kuandikishwa kwa mitihani ya Mei, maana mwisho wa kuandikisha ni Novemba 15. Kazi ya ofisi yangu ikawa kutafuta kama kijana anaweza kubaki kwa rafiki wa familia mpaka Mei, au kumwombea afanyie mitihani katika shule nyingine ya IB kule anakokwenda. Utaratibu huo upo, lakini una masharti na karatasi nyingi. Tulihangaika, na nasema kwa moyo mweupe kwamba kila mtu shuleni alijitoa.

Ila tazama upande wa pili. Miradi iliyofungwa ilikuwa imeajiri Watanzania wengi: wahasibu, madaktari, maofisa wa takwimu. Baadhi yao ni wazazi wa wanafunzi wetu. Kwa mtoto wa Kimarekani kulikuwa na kikao cha kumuaga, mshauri, bahasha yenye muhuri. Kwa mtoto wa Kitanzania ambaye mama yake amepoteza kazi kwenye mradi huohuo, kulikuwa na barua ya kukumbushia ada. Huyu hakuwa anahama nchi. Alikuwa anahama shule, kutoka Masaki kwenda shule nyingine maili tano tu kutoka hapo, akipoteza marafiki vilevile, na kwenye karatasi zetu aliandikwa tu kwamba amejitoa. Nilipigania neno hilo libadilishwe kwenye mfumo, aingie kwenye orodha ya wanaoondoka kama wenzake, aitwe mbele, apewe kanga yake. Naamini ni haki yake kabisa.

Hapa inabidi niseme habari za fedha, kwa sababu bila hizo mtu hataelewa nani anabaki na kwa nini. Ada yetu ni kubwa. Zamani ilitajwa kwa dola. Tangu kanuni za Machi 2025 za kuzuia bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni, ankara zetu ziko kwa shilingi, na mzazi anayeona tarakimu zile kwa mara ya kwanza hukaa kimya. Wageni wengi hawailipi ada wenyewe. Serikali zao au kampuni zao hulipa. Umoja wa Mataifa, kwa utaratibu ulioanza 2018, humrudishia mfanyakazi wa kimataifa ada kwa ngazi: asilimia 86 ya sehemu ya kwanza, kisha inashuka hatua kwa hatua hadi 61, na ikipita kikomo hakuna tena. Mtanzania aliye ofisi hiyohiyo kwa ajira ya ndani hana posho hiyo. Anayebaki analipiwa kutoka mfukoni mwa baba na mama, mara nyingi pamoja na mjomba. Ni yeye anayeishikilia shule pale wageni wanapopungua, na mhasibu wetu analijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Sisemi kwamba anayelipa ndiye anayestahili upendo. Nasema shule inayosimama juu ya mabega ya wanaobaki haiwezi kuendelea kuwaona kama watu wa kupiga makofi.

Na kuna karatasi zao. Ofisi yetu inajua vyuo vya Uholanzi vinataka nini, vya Kanada vinataka nini, tarehe gani, kwa tovuti gani. Kijana wa Kitanzania akitaka kusoma chuo kikuu hapa nchini, Mlimani au Muhimbili, alama zake za IB lazima zipitie Baraza la Mitihani, NECTA, zipewe ulinganifu na mfumo wa nchi. Masharti ya masomo ya sayansi yanatakiwa yaangaliwe mapema, wakati anachagua masomo, maana akishakosea hapo hakuna wa kumrudisha nyuma. Kwa muda mrefu habari hiyo ilipatikana kwa kuulizana. Sasa tuna mchana mmoja wa Oktoba kwa ajili ya wanaotaka kusoma hapahapa nchini, na tunawaalika wazazi. Mara ya kwanza ukumbi ulijaa, na nilichokisikia zaidi ni wazazi kushangaa kwamba shule inakubali mtoto wao abaki nyumbani kwa heshima.

Mwalimu wetu wa Kiswahili naye alibadilisha jambo ambalo naliona kubwa. Madarasa ya Kiswahili yalikuwa mawili: wenyeji peke yao, wageni peke yao, na kila upande una mtihani wake, kwa kuwa IB ina Kiswahili cha wanaoanza kabisa na cha wanaokimudu. Katika shule nzima hilo ndilo somo pekee ambalo anayebaki angekuwa ndiye mwenye ujuzi, na ndilo tulilomtenga na wenzake. Sasa kipindi kimoja kwa wiki wako pamoja, na mara moja kwa muhula hutoka: soko la samaki la Feri asubuhi, Kariakoo, stesheni ya treni. Niliwasindikiza Feri. Kijana aliyekuwa haongei darasani alimwonyesha mwenzake wa Korea jinsi ya kumwangalia samaki shavuni kama ni wa leo, akasikiliza mnada, akataja bei ya changu kabla mnadishaji hajagonga. Msichana mwingine wa Kitanzania alikiri kwamba hata yeye hajawahi kufika pale. Nyumbani samaki huletwa na dereva. Wote wawili walijifunza kwa mvulana yule. Haikuwa kazi ya beji. Alikuwa kwao.

Kwenye upangaji wa madarasa tumefika pazuri. Orodha yangu ya Mei huenda kwa walimu kabla hawajagawa mikondo, na kanuni tuliyokubaliana ni kwamba mtoto anayebaki hatawekwa katika mkondo ambao hana hata rafiki mmoja wa mwaka uliopita. Ni jambo dogo la kuchora mistari kwenye karatasi, na linahitaji saa chache tu za kazi. Ubalozi wa wageni sasa unaombwa, haupangwi. Mtoto anaruhusiwa kusema mwaka huu hapana, na walimu wameelezwa wasimsihi. Baadhi wamesema hapana. Yule mvulana aliyekuja kuulizia orodha ni mmoja wao, na mwaka uliofuata aliomba mwenyewe arudi.

Kilichokuwa kimebaki ni Agosti. Siku ya kwanza ya mwaka huwa ya wageni watupu: chai kwa wazazi wapya, ziara, picha, mkuu wa shule mlangoni. Nimeomba wanaobaki nao wawe na siku yao kabla ya wageni, waingie shule wakiwa peke yao na walimu wao, waseme nani hayupo, wachague viti, waziandikie barua familia zilizoondoka Juni wakati bado anwani tunazo. Mwanzoni ilipingwa kwa sababu ratiba ya walimu wiki ile imejaa mafunzo, na ni kweli imejaa. Baada ya vikao tumepata nusu siku, Alhamisi, kuanzia saa mbili hadi saa sita na nusu, chakula kikiwemo. Akina dada na madereva wamealikwa kuingia ndani, wasiishie getini. Mabasi ya Mbezi na Tegeta yatatoka saa kumi na mbili na nusu kama siku nyingine, na matroni wameshapewa majina.